Uso Usomeke: Kuchagua Kamera ya Mikutano ya Video

Anayeingia dukani Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta kamera ya kompyuta hupokewa na namba. Boksi moja limeandikwa 720p, la pili 1080p, la tatu 2K, la nne 4K, na bei hupanda kadiri namba inavyopanda. Mnunuzi hana kipimo kingine cha kushika, basi huishika namba hiyo, hulipa hadi mfuko unapokomea, kisha usiku wa mkutano hujikuta na picha ileile ya kijivu, yenye chenga, inayoganda kila anapoinua mkono. Hoja ya makala hii ni kwamba namba ya kwenye boksi hujibu swali dogo mno. Ubora wa picha katika mkutano wa video huamuliwa na mambo matatu, tena kwa utaratibu huu: mwanga unaoufikia uso, uwezo wa kamera wa kuupokea mwanga huo, na upana wa njia ya intaneti inayoibeba picha. Idadi ya nukta zinazounda picha, ambayo ndiyo namba ile ya boksi, huja nyuma ya hayo yote. Anayeufuata utaratibu huo hupata picha nzuri kwa fedha za kawaida, na anayeupindua hulipia kitu ambacho wenzake kwenye mkutano hawatakiona kamwe. Jambo lenyewe si la anasa tena. Tangu mwaka 2020 mahakama za Kenya zimekuwa zikisikiliza kesi kwa njia ya video, waajiri huwahoji waombaji kazi walio mbali, wanafunzi hutetea tasnifu zao mbele ya kioo, na jamaa walioko Muscat au London huhudhuria vikao vya harusi na vya msiba bila kupanda ndege. Katika shughuli hizo zote uso ndio unaozungumza kabla ya maneno.

Tuanze na namba yenyewe. Picha ya 720p ina nukta 1,280 kwa upana na 720 kwa urefu, jumla kama 920,000. Ya 1080p ina 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi kidogo ya milioni mbili. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160, ambazo ni zaidi ya milioni nane. Nukta hizo hukusanywa na kihisi, kipande cha silikoni kilichokaa nyuma ya lenzi, ambacho katika kamera nyingi za bei ya chini kina upana wa milimita tatu au nne tu, chini ya urefu wa punje ya mchele. Fikiria ua mdogo wa nyumba uliopangwa vyombo vya kukinga mvua. Mvua itakayoangukia ua huo ni ileile, uwe umepanga ndoo chache pana au vikombe mia. Siku ya masika kila kikombe hujaa, na wingi wa vikombe hukupa habari nyingi za mahali mvua iliponyesha. Siku ya manyunyu kila kikombe huambulia matone mawili matatu, na huwezi tena kujua kipi kilipata zaidi na kipi kilipata pungufu. Kihisi kidogo kilichokatwa vipande milioni nane ni ua huo wa vikombe. Namba kubwa ya boksi inakueleza vikombe viko vingapi, lakini haikuelezi ua una ukubwa gani, wala mvua itanyesha kiasi gani.

Na ndani ya nyumba zetu mvua hiyo ya mwanga huwa ni manyunyu. Mwanga hupimwa kwa lux. Kivulini mchana wa jua kali panaweza kuwa na zaidi ya lux 10,000, ofisi iliyopangiwa taa vizuri hulenga lux 300 hadi 500, na sebule yenye balbu moja usiku mara nyingi haifiki 100. Jicho la binadamu hulizoea giza hilo hata lisione tofauti, ndiyo maana watu hudhani chumba chao kina mwanga wa kutosha. Kamera haina uvumilivu huo. Ikirekodi fremu 30 kwa sekunde, kila fremu ina nafasi isiyozidi sehemu moja ya 30 ya sekunde kukusanya mwanga wake. Giza likizidi, kamera ina njia mbili, na zote zina gharama. Ya kwanza ni kuiacha kila fremu ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, ambapo fremu hushuka hadi 15 au pungufu, na mkono unaosogea huacha ukungu. Ya pili ni kuikuza ishara dhaifu kwa umeme, ambapo chenga hukuzwa pamoja na sura. Kisha programu ya kamera hujaribu kuzifuta chenga hizo kwa kulainisha picha, na uso hubaki kama wa nta, hauna mistari wala kope. Kwa anayezungumza lugha ya alama, au anayesoma midomo kwa sababu hasikii vizuri, hasara hiyo ni kukatiwa maneno. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Fremu 15 zenye ukungu ni sawa na kumwambia mtumiaji wa lugha hiyo azungumze huku amefumbatwa vidole.

Giza lina madhara mengine ambayo watu wengi hawayahusishi na taa, nayo yanahusu intaneti. Video ya 1080p yenye fremu 30, kabla haijabanwa, ni takriban gigabiti moja na nusu kwa kila sekunde. Mtandao wa kawaida wa nyumbani hauwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo programu huubana mara mia kadhaa. Ubanaji huo unategemea jambo moja: sehemu kubwa ya fremu hufanana na fremu iliyotangulia. Ukuta haukusogea, pazia halikusogea, basi programu hutuma tu yale yaliyobadilika. Chenga huvunja mpango huo wote, kwa kuwa hazina mpangilio. Kila fremu huja na chenga mpya, na kwa programu ni kama ukuta mzima umebadilika. Data kidogo iliyotengewa macho na midomo yako hugawiwa chenga za ukutani, na picha huanza kuvunjika vipande vya mraba. Hivyo taa ya mezani inayoangaza uso huifanya picha ile ile ipite vizuri zaidi katika intaneti ile ile. Ni vigumu kupata kifaa kingine cha bei hiyo kinachosaidia kamera na mtandao kwa wakati mmoja.

Mtandao huo nao una kikomo chake. Mwongozo wa Zoom kwa mazungumzo ya watu wawili unataja takriban megabiti 1.2 kwa sekunde kwa picha ya 720p, na megabiti tatu au zaidi kwa 1080p. Tupige hesabu ya kile kiwango cha chini. Megabiti 1.2 kwa saa nzima ni megabaiti 540 za kutuma, na nyingine kiasi hicho za kupokea, yaani zaidi ya gigabaiti moja kwa mkutano wa saa moja. Anayenunua bando la siku anajua maana ya hesabu hiyo. Mtandao unapoyumba, programu haikuulizi. Hushusha picha hadi kiwango kinachopita, na kamera ya 4K hutoa mtandaoni kile kile ambacho ingetoa kamera ya theluthi ya bei. Hata mtandao ukiwa imara, upande wa pili kuna kioo. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina kioo cha nukta 1,366 kwa 768. Watu tisa wakionekana pamoja katika safu tatu, kila mmoja hapewi hata nukta 460 za upana. Katika dirisha hilo dogo hakuna anayeweza kutofautisha 1080p na 4K, ila kila mtu anaweza kutofautisha uso wenye nuru na uso ulio gizani.

Hapa mtetezi wa kamera za bei kubwa ana neno la haki. Atasema kwamba amejaribu kamera ya 4K na ya kawaida katika chumba kimoja, na ya 4K ilikuwa bora waziwazi. Inawezekana kabisa. Watengenezaji huziwekea kamera zao za juu kihisi kikubwa zaidi, lenzi inayopitisha mwanga mwingi zaidi, na kichakataji bora cha rangi. Alichokiona ni kazi ya ua mpana na lenzi njema, na namba imepata sifa isiyo yake. Jambo hilo hudhihirika kwa upande wa pili: sokoni zipo kamera za bei ya kutupa zinazojitangaza kuwa za 4K ilhali kihisi chao ni cha nukta chache, na zilizobaki hukisiwa na programu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapo pia watu ambao nukta nyingi zinawafaa kweli: mwalimu anayerekodi somo litakalotazamwa baadaye kwenye kioo kikubwa, fundi cherehani anayeonyesha mshono kwa karibu, ofisi inayotaka kamera moja ya ukumbini ikate picha na kumkuza msemaji. Mtu wa mikutano ya kawaida hayumo katika orodha hiyo. Logitech C920 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na 1080p na fremu 30 kwa sekunde, na zaidi ya miaka kumi baadaye bado ilikuwa ikitajwa kama kipimo cha kulinganishia kamera nyingine. Kama namba ndiyo ingekuwa kila kitu, ingekuwa imesahaulika zamani.

Kuna jambo linalowahusu wasomaji wa ngozi nyeusi kwa namna ya pekee, na wauzaji hulitaja mara chache. Kamera inayojirekebisha yenyewe hutafuta wastani: hujumlisha mwanga wa picha nzima na kuusogeza uelekee kijivu cha katikati. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, au mbele ya dirisha la mchana, na kamera itauona weupe huo mwingi, itapunguza mwanga, na uso utazama gizani. Upendeleo huu una historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa kawaida. Mwaka 2009 video iliyosambaa duniani ilionyesha kamera ya kompyuta iliyomfuata mfanyakazi mweupe aliposogea huku na huku, ikashindwa kumfuata mwenzake mweusi. Kampuni husika ilieleza kwamba mwanga wa mbele haukutosha. Maelezo hayo yanaweza kuwa kweli kiufundi, lakini kamera inayomhitaji mtu mmoja awe na mwanga zaidi ya mwenzake ili imwone bado haijamaliza kazi yake. Kwa mnunuzi, funzo ni la vitendo. Achague kamera ambayo programu yake inamruhusu kuongeza mwangaza kwa mkono na kuufunga hapo, na ikiwezekana yenye uwezo wa HDR, ambao husawazisha sehemu zenye nuru na zenye kivuli katika picha moja. Aketi akilielekea dirisha au likiwa ubavuni, asilipe mgongo. Nyuma yake kukiwa na pazia la kitenge au ukuta wa rangi iliyokolea kidogo, kamera haitakuwa na weupe wa kuipotosha.

Jambo la pili la mahali petu ni umeme wenyewe. Gridi za Kenya, Tanzania na Uganda huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za mrija pamoja na LED nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila macho kutambua. Marekani mizunguko ni 60, na kamera iliyopangiwa soko hilo huonyesha michirizi inayopanda na kushuka juu ya picha chini ya taa zetu. Wengi hudhani ni ubovu na kuirudisha dukani. Dawa ni kufungua mipangilio ya kamera au ya programu ya mikutano, kutafuta sehemu ya masafa ya umeme, na kuchagua 50 badala ya 60. Haigharimu hata senti.

Baada ya hayo, sifa za kuangalia dukani ni chache. Kamera ya 1080p yenye fremu 30 inatosha kwa mtu mmoja mezani. Upana wa pembe uwe kati ya nyuzi 65 na 78. Ikifika 90 au zaidi, kamera itaonyesha kitanda, mlango na nguo zilizoning'inizwa, na uso wenyewe utakuwa mdogo katikati. Fokasi isiyobadilika si kasoro kwa anayekaa mahali pamoja, na wakati mwingine ni bora kuliko fokasi ya bei rahisi inayohangaika kila anaposogeza kichwa. Inayojilenga yenyewe inamfaa anayesogeza vitu karibu na lenzi. Kamera ifuate kanuni ya pamoja ya UVC, ambayo huifanya itambulike na Windows, macOS na Linux bila kusakinisha chochote, na isikuache siku mtengenezaji atakapoacha kushughulikia programu yake. Iwe na kishikio imara au tundu la stendi ili ikae usawa wa macho. Kifuniko cha lenzi ni kitu kidogo chenye thamani kubwa, kwa sababu programu ya kijasusi hata ikiiwasha kamera iliyofunikwa haitaona kitu. Kipimo kikuu kifanyike papo hapo: muuzaji aichomeke kamera kwenye kompyuta, azime taa moja, na mnunuzi atazame kama kope na nyusi zake bado zinaonekana.

Wapo watakaosema kwamba haya yote hayana haja, kwa kuwa kompyuta mpakato ina kamera yake na simu ina kamera bora zaidi. La kwanza lina udhaifu: kifuniko cha kompyuta mpakato ni chembamba mno, na lenzi na kihisi vinavyotoshea humo lazima viwe vidogo. Bado, kamera hiyo ikipewa taa nzuri hutoa picha inayokubalika, na asiye na fedha aanzie hapo bila aibu. La pili ni kweli tupu. Simu nyingi zina kihisi kikubwa kuliko kamera za kawaida za kompyuta, na kuzitumia kumekuwa rahisi: Apple iliruhusu iPhone kuwa kamera ya Mac mwaka 2022, na Android 14 ya mwaka 2023 ilileta uwezo wa simu kujitambulisha kama kamera ya USB kwa baadhi ya simu. Kwa usaili mmoja au kikao cha mara moja kwa mwezi, simu kwenye stendi ni chaguo la busara. Tatizo ni kwamba kwa wengi wetu simu hiyo hiyo ndiyo inayogawa intaneti kwa kompyuta, ndiyo inayopokea wito na ndiyo pochi ya fedha. Ikifanya kazi zote hizo kwa saa mbili hupata joto, chaji hushuka, na simu ya mteja ikiita, mkutano hukatika. Mwenye mikutano kila siku atafanya vyema kununua kamera ambayo kazi yake ni moja.

Pingamizi la mwisho lina nguvu kuliko yote: sauti ni muhimu kuliko picha. Mwaka 2018 Eryn Newman na Norbert Schwarz walichapisha utafiti katika jarida la Science Communication ambamo watu walipewa mazungumzo yale yale ya kisayansi, baadhi yakiwa na sauti iliyoharibiwa. Waliosikia sauti mbovu waliuona utafiti kuwa si wa maana sana na mtafiti kuwa na uwezo mdogo, ingawa maneno hayakubadilika. Anayechagua kati ya kamera mpya na vipokea sauti vya masikioni vyenye maikrofoni, achague vipokea sauti, kwani maikrofoni iliyo ndani ya kamera hukaa mbali na mdomo na hukusanya mwangwi wa chumba pamoja na feni na majirani. Pingamizi hili haliibomoi hoja ya makala, linaithibitisha. Fedha iende kwanza kwenye sauti, kisha kwenye taa, kisha kwenye kamera ya wastani, na nukta za ziada zingoje.

Kamera ya kwanza kabisa ya aina hii ilifungwa mwaka 1991 katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Ilitazama birika la kahawa, ili watafiti wa vyumba vingine wasipande ngazi na kulikuta tupu. Picha yake ilikuwa ya kijivu, nukta 128 kwa 128, na ilidumu hadi ilipozimwa mwaka 2001, kwa sababu ililijibu swali ililoulizwa: kahawa ipo au haipo. Mikutano yetu huuliza swali gumu zaidi. Hakimu anataka kujua kama shahidi anasita, mwalimu anataka kujua kama mwanafunzi ameelewa, mama anataka kujua kama mwanawe aliye ughaibuni anakula vizuri. Majibu hayo hukaa machoni na pembeni mwa midomo, na kamera inayofaa kununuliwa ni ile ambayo, katika chumba chako na kwa bando lako, huyafikisha upande wa pili yakiwa yanasomeka.